Weusi wa Udongo: Kisa cha Nusu-Pipa 12 za Ilazo

Mzee alinipigia simu Jumapili asubuhi, mwanzoni mwa Septemba, kabla sijanywa hata chai. Hakuzungusha. "Kijana, miche uliyoniuzia ina ugonjwa. Njoo uitazame mwenyewe." Nina kitalu kidogo Ipagala, hapa Dodoma, na sisi wauza miche tumeshazoea: mboga ikistawi ni mkono wa mpandaji, ikifa ni miche ya kitalu. Nikachukua kisu, kipande cha nondo nyembamba ninachotembea nacho siku zote, na chupa mbili tupu za maji, nikapanda bodaboda hadi Ilazo.

Mzee ni dereva wa malori mstaafu, mzaliwa wa Rungwe, mkoani Mbeya, anayeishi kwa binti yake. Nyumba ni nzuri ila ua wote umepigwa pevingi kutoka geti hadi ukuta wa nyuma, hakuna hata kiraka cha ardhi cha kuchomeka mchicha. Dodoma ya sasa ina nyua nyingi za namna hiyo, na ndiyo maana nimeamua kukieleza kisa hiki chote pamoja na hesabu zake. Mzee hakukubali kukaa bure. Alinunua mapipa sita ya plastiki ya lita 200, ya bluu, akayakata katikati kwa msumeno akapata nusu-pipa 12. Nilipouliza yalibeba nini kabla, akanivuta niyanuse: bado yalinukia sharubati. Hapo alipatia. Pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali usiyoijua halifai kwa mboga, hata ulisugue mara ngapi.

Kisa chenyewe kilikuwa kwenye udongo. Alikuwa amenunua tripu tatu za kirikuu za udongo mweusi kutoka mbugani, kila tripu shilingi 35,000. Jumla 105,000. Chini ya kila nusu-pipa aliweka kokoto kimo cha kiganja "ili maji yapite," juu yake udongo mweusi mtupu, na mwisho samadi kidogo kama mtu anayenyunyiza chumvi kwenye ugali. Akapanda nyanya, hoho, chainizi, spinachi na mchicha. Hiyo ilikuwa mwisho wa Julai.

Nilipofika, saa nne na nusu hivi, jua lilikuwa limeanza kuuma na ule upepo wetu wa Septemba unapiga kutoka mashariki. Nyanya zilikuwa zimelegea, majani yamening'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Majani ya chini ya njano, ya juu kijani kilichofifia. Chainizi zilikuwa na kingo za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Udongo juu ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza kidole, na umejivuta ukaacha mwanya kati yake na ukuta wa pipa. Kwenye mdomo wa pipa kulikuwa na utando mweupe.

"Unamwagilia vipi, mzee wangu?"

"Nusu ndoo asubuhi, nusu ndoo jioni. Kila pipa. Hayo maji yananitoa jasho, na bado zinanyauka. Nikaongeza yurea, ngumi moja moja. Zikazidi."

Mtu akisikia mboga inanyauka hukimbilia maji, na ikiwa njano hukimbilia mbolea. Mzee alifanya yote mawili, kwa bidii, na kila siku alikuwa anaongeza ugonjwa. Nilichomeka nondo. Sentimita kumi za juu zilikataa kama tofali, kisha ikazama ghafla kama imeingia kwenye siagi. Nikamwaga lita moja ya maji katikati, nikaangalia saa. Sehemu yake ilikimbilia kwenye nyufa, ikashuka kando ya ukuta wa pipa na kutokea chini bila kuugusa mzizi wowote. Iliyobaki katikati ilikuwa bado inanitazama dakika 20 baadaye, tumeshamaliza kikombe cha chai.

Tukalimwaga pipa moja, lile lenye nyanya iliyokuwa hoi zaidi. Mzee hakupenda, lakini alishika upande wake. Huko chini udongo ulikuwa tope la rangi ya kijivu inayoelekea bluu, na harufu yake ilikuwa ya mayai viza. Mizizi yote ilikuwa imejikusanya juu, kimo cha kiganja. Iliyojaribu kushuka ilikuwa ya kahawia, na ukiivuta ngozi inabaki mkononi. Kokoto zilikuwa zimezama ndani ya tope hilo hilo.

Hapa ugonjwa ulikuwa umejitaja. Mzizi unapumua. Unahitaji hewa kama unavyohitaji maji, na ukizama kwenye tope siku nyingi unakufa. Mzizi ukifa, mmea unakauka huku umesimama ndani ya maji. Kunyauka kwa kiu na kunyauka kwa kuzama kunafanana kwa macho. Cha kutofautisha ni kidole chako au nondo yako.

Mzee hakushawishika. "Udongo mweusi ndio udongo," akasema. "Kwetu kule chini ya mlima ukichomeka fimbo inachipua." Na hakuwa anadanganya. Udongo wa Rungwe ni mweusi kwa sababu umetokana na majivu ya volkano na mboji ya miaka mingi. Ni mwepesi, una matundu mengi, unashika maji na bado unapitisha mengine. Tukuyu, mji wa huko huko Rungwe, inanyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mboga hazizami. Weusi wa mbuga zetu za Dodoma ni weusi mwingine kabisa. Ule ni mfinyanzi uliotulia bondeni, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ardhini una kazi yake, na ukiujulia unavuna vizuri sana. Ukiuingiza kwenye pipa la kimo cha sentimita 40, umefinyanga chungu.

Nilimpa mzee kipande cha ule udongo, nikamwambia aulowanishe na auviringishe kama mtoto anayecheza. Akapata mnyoo mrefu. Akaukunja ukawa pete, haukupasuka hata mahali pamoja. "Sasa chukua huu," nikampa udongo mwekundu wa kichanga kutoka kwenye msingi wa jirani anayejenga. Mnyoo ulikatika kabla haujafika urefu wa kidole. Kisha tukazijaza zile chupa mbili robo kwa kila udongo, maji juu, tukatikisa na kuziacha dirishani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini hufuata kwa saa kadhaa, mfinyanzi huelea hadi kesho yake au zaidi. Asubuhi iliyofuata mzee alinipigia mwenyewe: chupa ya mweusi ilikuwa bado kama uji, mchanga chini yake haujai unene wa ukucha. Ya mwekundu, zaidi ya nusu ya kilichotua ilikuwa mchanga.

Lakini suala la kokoto lilimsumbua kuliko yote, kwa sababu aliweka kila kitu kwa mantiki. Nikamwomba mke wake sponji ya kuoshea vyombo. Tukailoweka hadi ikashiba, tukaiinua ikiwa imelala bapa mpaka ikaacha kudondosha. Kisha nikaisimamisha wima. Ikaanza kudondosha tena, mstari mzima wa maji. Sponji ni ile ile na hakuna aliyeikamua. Kilichobadilika ni kimo. Udongo kwenye chombo uko hivyo: sehemu ya chini kabisa hubaki imeshiba maji, na kimo cha sehemu hiyo kinategemea aina ya udongo wenyewe. Udongo wa chembe laini unayashika maji yake. Hauyaachii yaingie kwenye kokoto mpaka ushibe kabisa. Kwa hiyo ukiweka kokoto chini hujalishusha tope, umelipandisha karibu na mizizi. Mama aliitazama sponji, akamtazama mumewe, akasema, "Na wewe ulinibebesha kokoto kwa toroli siku nzima." Nikanyamaza, hayo hayakuwa ya kitalu.

Yurea na maji ya kisima vilimalizia kazi. Maji ya kisima cha pale ukiyaonja unasikia chumvi, na ndani ya birika la chai kulikuwa na ukoko mweupe wa chokaa. Kwenye udongo usiopitisha, maji hupanda juu na kukauka, chumvi inabaki. Ndio ule utando mweupe, na ndizo zile kingo za kahawia za chainizi. Nilichoka kidogo kusikia mzee aliambiwa na mtu aongeze majivu "kuua wadudu." Majivu na maji yenye chokaa vyote vinasukuma udongo upande mmoja, upande wa magadi. Huku kwetu jivu la jikoni lipelekwe kwingine.

Basi tukakaa kupanga. Nusu-pipa moja inataka karibu ndoo tano za lita 20. Nusu-pipa 12 ni ndoo 60, yaani lita 1,200. Ukiwa na mkebe wa dirishani unaweza kununua chochote. Kwa lita 1,200 kila kosa la bei unalizidisha mara 60.

Binti yake alipendekeza kokopiti, yale matofali ya nyuzi za nazi. Ni kitu kizuri, sibishi. Tofali la kilo tano likilowekwa hutoa lita 60 hadi 75, kwa hiyo tungehitaji kama 17, na kwa bei tuliyotajiwa, pamoja na nauli ya kutoka Dar, tulikuwa tunazungumzia laki tatu na ushee kwa kitu ambacho peke yake hakina chakula. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni nazi ya dhahabu."

Kijana wa kirikuu naye alikuwa tayari kuleta "udongo wa msituni." Huo ninaukataa kila mara, na si kwa sababu ya bei. Mkoa huu unajua maana ya kupoteza udongo wa juu. Makorongo ya Kondoa yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye vilima vya Irangi ili ardhi ipumzike. Halafu leo mtu akakomba rutuba ya juu ya kichaka, aiuze kwa kiroba. Isitoshe hujui kilichomo. Nimewahi kununua zamani, nikaletewa na minyoo fundo, nyanya zangu zikaota vinundu mizizini msimu mzima.

Kilichobaki ni vitu vya karibu. Udongo mwekundu wa kichanga, ambao Dodoma unaukanyaga bure. Samadi, ambayo katika nchi ya wafugaji haijawahi kuadimika. Kitu cha kutengeneza matundu: maganda ya mpunga kutoka mashine za Bahi, au vumbi la mbao kutoka kwa maseremala. Na ule udongo mweusi, ambao mzee hakutaka kusikia unamwagwa, na kwa kweli sikutaka umwagwe. Mfinyanzi una kipaji kimoja ambacho kichanga hakina: unashikilia chakula cha mmea kisioshwe na maji. Kosa lilikuwa kuufanya ugali wakati ulipaswa kuwa mboga.

Nilimwambia tusijaze mapipa yote kwa maneno yangu. Tukachukua ndoo tano mbovu, tukazitoboa, tukajaribu kwanza. Ya kwanza mweusi mtupu, kama shahidi. Ya pili mwekundu na samadi nusu kwa nusu, ule mchanganyiko ambao watu wengi wanaufanya. Ya tatu mwekundu, samadi na maganda ya mpunga. Ya nne vile vile, ila vumbi la mbao badala ya maganda. Ya tano kama ya tatu, pamoja na fungu moja la mweusi uliopondwa na kuchekechwa. Tukazilowanisha, tukamwaga lita tatu kila ndoo, tukapima muda, tukapanda mchicha.

Wiki tatu zilitosha. Ya kwanza ilituama nusu saa na zaidi, kama tulivyotarajia. Ya pili ilipitisha vizuri siku ya kwanza, lakini baada ya kumwagiliwa mara chache ikafunga uso mgumu kama chapati ya jana, na ikashuka vidole vinne. Udongo mwekundu wa hapa una tabia hiyo ya kujigandamiza. Ya tatu ilipitisha mara moja, mno, na kufika saa nane mchana wa pili mchicha ulikuwa umelala. Ya nne ilichipua sawa na wenzake, kisha wiki ya tatu ikageuka njano kuanzia majani ya chini na kugoma kukua. Hii ndiyo mtego wa bei rahisi. Vumbi la mbao ni kaboni tupu. Vijidudu vinavyolioza vinahitaji naitrojeni, na vinaichukua kutoka kwenye udongo kabla mmea haujaipata. Maganda ya mpunga nayo ni kaboni, lakini yana ganda gumu la silika, yanaoza polepole sana, kwa hiyo hayapori kwa kasi hiyo. Vumbi la mbao likae mwaka mzima limerundikwa na samadi na maji ndipo tuzungumze.

Ya tano ilivumilia hadi jioni ya siku ya pili bila kunyauka, na maji yalizama juu chini ya dakika moja. Mzee aliibeba ndoo hiyo akaizungushia kwa majirani wawili, akiwaonyesha ule weusi uliomo ndani.

Kwa hiyo kipimo kikawa hiki: mafungu matatu ya mwekundu, mawili ya samadi, mawili ya maganda, moja la mweusi. Kumbuka vitu hivi vikichanganywa vinaingiana na kupungua. Mchanga unajaza nafasi kati ya maganda. Kupata ndoo 60 tulipima 72: mwekundu 27, samadi 18, maganda 18, mweusi 9.

Kununua samadi kunataka ujanja kuliko kununua simu iliyotumika. Kwenye zizi la ardhini anayekombea anakomba na mchanga, na wewe unalipia mchanga kwa bei ya samadi. Chukua konzi moja, tia kwenye chupa ya maji, tikisa: mchanga utazama hapo hapo, samadi itaelea au kukawia. Gunia la kwanza tulilopewa lilikuwa na mchanga karibu nusu, tukalirudisha. Kisha ingiza mkono katikati ya rundo. Likiwa la moto, au likikuchoma pua kama mkojo, bado halijaiva, litaunguza miche. Samadi iliyoiva hainuki, inavunjika mkononi kama kahawa iliyosagwa, na huoni tena majani aliyokula ng'ombe. Kwa mboga za majani zinazoguswa na udongo, mimi siweki samadi mbichi kabisa. Usipojali miche, jali tumbo la anayekula kachumbari. Samadi ya mbuzi ni nzuri vile vile ila zile gololi zake zilowekwe na kupondwa, la sivyo miezi sita baadaye utazikuta zimekaa kama ulivyoziweka. Ya kuku ni kali na ina chumvi nyingi. Hatukuiweka kwenye mchanganyiko.

Maganda ya mpunga tuliyaagiza Bahi kwa mtu anayekuja mjini na basi. Ukiagiza, sema maganda makavu yale makubwa yanayotupwa nyuma ya mashine. Ukisema "pumba" tu unaweza kuletewa pumba laini za kulishia mifugo, ambazo ni ghali, zinachacha na zinaita panya. Na uyalowanishe kabla ya kuyachanganya. Hili nalisema kwa aibu. Tulitandika turubai siku ya Jumamosi, mimi nikafungua gunia la kwanza likiwa kavu, na upepo wa Dodoma haukunisubiri. Ua wa jirani ulikuwa na shuka nyeupe tatu kambani. Mama alikwenda kuomba radhi akiwa na sahani ya maandazi.

Gharama zilikwenda hivi. Samadi magunia matatu, 9,000, kila gunia ndoo sita. Maganda magunia matatu, yenyewe bure, nauli na ubebaji 10,000. Udongo mwekundu ulitoka kwenye msingi wa yule jirani anayejenga, ambaye alifurahi kupunguziwa kifusi. Kijana wa toroli alichukua 5,000. Kijana wa kutusaidia kuchanganya, 10,000. Jumla 34,000 kwa nusu-pipa zote, chini kidogo ya tripu moja ya ule udongo mweusi.

Mapipa nayo tuliyarekebisha. Mzee alikuwa ametoboa matundu manne kwa msumari wa inchi tatu, chini kabisa, na pipa likikaa juu ya pevingi tambarare matundu hayo yanazibwa kama kikombe kilichofunikwa. Tukatoboa manane ya kuingia kidole gumba, ubavuni, pale pale juu ya kitako, tukayaziba kwa vipande vya chandarua kizee ili udongo usitoke, na tukainua kila pipa kwa vipande vitatu vya tofali. Kokoto zikarudi alikozitoa mama.

Kabla ya kuhamisha miche tulijaza kopo moja kwa mchanganyiko ule na kupanda mbegu kumi za kunde. Zikichomoza zote na jani la kwanza likiwa safi, samadi imeiva. Zilichomoza tisa. Wiki ya kwanza ya Oktoba tukapanda.

Sitasema kila kitu kilikwenda kama harusi. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali hapa, na nusu-pipa tatu zilizokuwa mbele ya ukuta mweupe unaotazama magharibi ziliungua kwa joto linaloakisiwa; hoho ziliangusha maua yote mpaka tukazihamishia upande wa jikoni. Mzee alikwenda msibani Tukuyu siku nne, mjukuu akamwagilia siku moja, akaruka mbili, kisha akafidia kwa ndoo nzima. Nyanya zilizokuwa zinajaa wakati huo zikaoza kitako, lile doa jeusi la ngozi chini ya tunda. Watu hulitafutia dawa dukani. Mara nyingi ni maji yasiyo na mpangilio yanayoufanya mmea ushindwe kufikisha madini ya kalsiamu kwenye tunda. Tuliweka nyasi kavu juu ya udongo, umwagiliaji ukarudi kuwa mara moja kila jioni, na mkupuo uliofuata ulitoka safi.

Na mchanganyiko una njaa yake. Kufikia wiki ya sita spinachi zilikuwa zimeanza kupauka. Hapo ndipo mbolea ya kuku iliyokaa miezi mitatu iliingia, kikombe kimoja cha chai kwa kila nusu-pipa mara moja kwa mwezi, ikafukiwa na kumwagiliwa hapo hapo. Kila Jumamosi mzee alimwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu kwa wingi, kuosha chumvi. Hiyo ni gharama ya maji, sikatai, lakini kwenye ule mweusi hata ungetaka kuosha usingeweza. Mvua zilipoanza Desemba kazi hiyo ikafanyika bure. Huku tunapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, na maji ya mvua hayana chumvi. Mzee akaweka bati chakavu kuyaelekeza kwenye mapipa.

Mchicha walianza kuuchuma baada ya wiki nne. Spinachi na chainizi ziliendelea kuchumwa majani ya nje mpaka mama akaanza kupeleka mafungu kwenye genge la kona, si kwa fedha nyingi, kiasi cha kununua vitunguu na mafuta. Kufikia Januari udongo ulikuwa umeshuka upana wa kiganja katika kila nusu-pipa. Hiyo si kasoro: samadi inaliwa. Tuliongeza ndoo moja ya samadi na maganda kila pipa, tukachanganya na sehemu ya juu, tukapanda tena.

Nilipozihesabu kwa kidole, nusu-pipa zilizojazwa mchanganyiko zilikuwa 11. Nilipokuja kukagua katikati ya Oktoba niliiona ya kumi na mbili nyuma ya tanki la maji, imefunikwa kwa gunia. Mzee alikuwa ameijaza udongo mweusi mtupu usiku, bila kuniambia. Hata yale matundu manane ubavuni alikuwa ameyaziba tena kwa vipande vya kandambili. Nikafikiri ni ukaidi wa uzee, nikaanza kutafuta maneno ya upole.

Alifunua gunia mwenyewe. Mle ndani, katika tope lililotuama maji juu, yalikuwa yamechomoza majani mawili ya magimbi, bado yamejikunja, ya mbegu aliyotumiwa na dada yake kwa basi la Mbeya. Gimbi hupenda tope, na ule udongo haukuachia hata tone.

"Ulisema kila udongo una kazi yake," akasema. "Basi huu nimeupa kazi. Ndaga, yaani asante, kijana."